Maswali ya Wasomaji: Kanda za Mpuliza Saksafoni Aliyefariki Kabla ya Kuzimaliza

Safu ya toleo hili nimeitenga kwa jambo moja. Barua ya kwanza mtakayoisoma ilipotufikia kutoka Mbeya, tuliitaja kwa ufupi katika toleo lililopita na kuwaomba wasomaji wenye kanda za aina hiyo majumbani, au wenye maoni juu yake, watuandikie. Barua zilikuja kutoka Iringa, Tukuyu, Mafinga na Njombe, nami nimezijibu kwa kadiri ya uzito nilioukuta katika kila moja.

Swali: Ndugu Mjibu Maswali, nakusalimu. Marehemu baba yetu alipuliza saksafoni katika bendi za dansi hapa Mbeya tangu ujana wake, na wazee wa Mwanjelwa bado wanamkumbuka kwa mdomo wake wa bata, yaani hiyo saksafoni. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati tukakuta kaseti 14. Humo anapuliza peke yake, usiku, bila bendi, tena vipande ambavyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvisikia. Baadhi vinafika mwisho vizuri. Vingine vinakatika katikati, unamsikia anakohoa, anarudia sehemu ileile mara tatu au nne, kisha kitufe kinabonyezwa. Prodyuza mmoja kijana amevisikiliza na kusema atavitoa tukimruhusu aongeze ngoma, besi na sauti ya mwimbaji, kwa sababu anaona kwamba hivyo vilivyo havijakamilika. Baba mdogo anasema tukubali ili jina la kaka yake lisipotee. Mama hataki hata wageni wavisikilize; anasema mumewe angetaka vitoke angevitoa mwenyewe. Tufanye nini? (Binti wa marehemu, Soweto, Mbeya)

Jibu: Dada yetu, poleni sana kwa msiba, na mmefanya vema kutoharakisha. Nianze na hoja ya mama, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo inayopuuzwa upesi familia inapoanza kuahidiwa fedha. Mtu kuacha kazi yake sandukuni kunaweza kweli kuwa uamuzi. Lakini kwa wanamuziki wa rika la baba yenu, ukimya huo peke yake hauthibitishi lolote. Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi katika studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka santuri zilipaswa kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Mtu mmoja wa Mbeya mwenye saksafoni na redio kaseti, asiye na bendi nyuma yake wala mwimbaji mbele yake, hakuwa na mlango wa kugonga hata angetamani vipi. Kwa hiyo kabla ya kusema hakutaka, au alitaka, zisikilizeni na kuzitazama kaseti zenyewe, maana mara nyingi mwenye kazi huwa ameacha alama.

Chukua kaseti moja uishike upande wa kwanza ukikutazama, sehemu ya utepe ikielekea chini. Kwenye ukingo wa juu kuna vidole viwili vidogo vya plastiki, cha kushoto kikiwa cha upande unaoutazama na cha kulia kikiwa cha upande wa pili. Kidole kikivunjwa, kitufe cha kurekodi hakibonyezeki tena, na sauti iliyomo haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Hakuna anayekivunja bila kukusudia. Kaseti ambayo baba yenu alikivunja, alikuwa amesikiliza, akaridhika kiasi fulani, akasema hii isiguswe. Ambayo kidole kipo aliiacha wazi kwa kazi nyingine. Na kama mtakuta kidole kimevunjwa kisha tundu likazibwa kwa selotepu, maana yake alibadili mawazo akarekodi juu yake. Andikeni hayo kwenye daftari, kaseti kwa kaseti, pamoja na kila neno aliloliandika kwenye karatasi ya kasha. Halafu fuatilieni kipande kimoja kinachojirudia katika kaseti kadhaa. Mtu anayerudia sehemu ileile mara nne usiku mmoja, kisha mkaikuta imenyooka katika kaseti ya baadaye, alikuwa anajenga kitu cha kusikilizwa. Daftari hilo likikamilika, kaeni na mama mlisome pamoja. Nadhani litamsemesha kuliko hoja za baba mdogo, na akiendelea kukataa, msiende mbele bila yeye.

Upo mfano unaofanana sana na wenu. Esbjörn Svensson alikuwa mpiga piano wa jazi kutoka Sweden, aliyejulikana duniani kwa bendi yake ya watu watatu, e.s.t., pamoja na Dan Berglund kwenye besi na Magnus Öström kwenye ngoma. Alifariki tarehe 14 Juni 2008 katika ajali ya kupiga mbizi karibu na Stockholm, akiwa na umri wa miaka 44. Katika miezi ya mwisho ya maisha yake alikuwa amejirekodi nyumbani akipiga piano peke yake. Mkewe, Eva, alihifadhi yaliyokuwamo katika kompyuta zake, na miaka mingi ikapita kabla ya kuyasikiliza akisaidiwa na Åke Linton, fundi sauti aliyefanya kazi na bendi hiyo. Albamu iliyotokana na kazi hiyo, iitwayo HOME.S., ilitolewa mwaka 2022 ikiwa na vipande tisa, miaka 14 baada ya kifo. Berglund na Öström walikuwa hai, nao walikuwa wamepiga na marehemu kwa miaka mingi, lakini besi na ngoma hazikuongezwa. Msikilizaji anapewa piano peke yake, kama ilivyorekodiwa.

Mfano wa upande wa pili ni wa John Coltrane, mpuliza saksafoni wa Marekani aliyefariki Julai 1967. Mwaka 1972 mjane wake, Alice Coltrane, alitoa albamu ya Infinity, ambamo juu ya rekodi za mumewe za miaka ya 1965 na 1966 aliongeza vinanda vya nyuzi na kinubi alichokipiga mwenyewe. Alice hakuwa mgeni: alikuwa mpiga piano wa bendi ya mumewe na mwanamuziki mkubwa kwa haki yake. Hata hivyo wapenzi wengi wa Coltrane walilalamika sana, na lawama hizo hazijaisha hadi leo. Mimi simlaumu mjane huyo, kwa sababu alikuwa ndani ya muziki ule na alisema wazi alichokifanya. Lakini kama mtu aliyekuwa ndani ya bendi, tena mke, aliulizwa maswali makali namna hiyo, prodyuza ambaye hakuwahi kukutana na baba yenu ataulizwa zaidi.

Ushauri wangu ni huu. Mama akiridhia, toleo la kwanza liwe saksafoni peke yake. Vipande vinavyofika mwisho viwe msingi wa toleo, na vile vinavyokatika mchague vichache mviache vikatike palepale alipokatia, pamoja na kukohoa kwake. Msivipunguze sauti polepole ili vionekane vimekwisha, maana hapo mtakuwa mmeweka mwisho ambao hakuuweka yeye. Katika maelezo ya albamu andikeni kwamba rekodi hizi zilikutwa baada ya kifo, nani alizichagua, na fundi alifanya nini juu ya sauti. Ahadi ya prodyuza isubiri. Hoja yake nimeijibu katika barua inayofuata.

Swali: Ndugu, mimi ni prodyuza, ingawa si yule wa Mbeya. Mnatuhukumu mapema. Vijana wa leo hawatakaa kusikiliza saksafoni tupu, na kanda itakayotolewa ikiwa tupu itasikilizwa na familia na wazee wachache kisha isahaulike. Miles Davis mwenyewe, yule mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, kazi zake zimekamilishwa baada ya kifo na dunia ikazipokea. Kwa nini mzee wa Mbeya asipewe heshima hiyohiyo? (Prodyuza, Kihesa, Iringa)

Jibu: Hoja yako ina nguvu na ninaichukulia kwa uzito. Ni kweli kwamba Davis alipofariki Septemba 1991 alikuwa katikati ya kurekodi na prodyuza Easy Mo Bee, na albamu ya Doo-Bop ilitoka mwaka 1992 ikiwa na vipande viwili vilivyojengwa baada ya kifo juu ya sauti ya tarumbeta aliyokuwa ameirekodi zamani. Ni kweli pia kwamba rekodi alizozianza mwaka 1985 na kuziacha zilikamilishwa na kutolewa mwaka 2019 kwa jina la Rubberband. Lakini tazama waliozikamilisha. Randy Hall na Zane Giles ndio waliokuwa maprodyuza wa kazi hiyo tangu ilipoanza, na Vince Wilburn, mpwa wa Davis, alipiga ngoma katika rekodi zile za mwanzo. Walijua kazi ilikuwa inaelekea wapi kwa sababu walikuwapo ilipoanza safari. Davis naye alikuwa amefika studio akijua kwamba vyombo vingine vitaongezwa, ndiyo desturi ya kurekodi kwa njia nyingi, kila chombo kivyake. Mzee wa Mbeya hakuacha nafasi ya mtu mwingine. Alijaza nafasi yote kwa pumzi yake.

Kuna na ugumu wa kiufundi ambao wewe unaufahamu kuliko mimi. Katika kaseti iliyorekodiwa kwa redio kaseti ya nyumbani, kila sauti imeshikana na nyingine: saksafoni, pumzi, kiti kinacholia, mvua juu ya bati. Tena mtu anayepuliza peke yake bila ngoma ya kumshikia mwendo huharakisha na kuchelewesha kwa makusudi. Anapofika kwenye noti anayoipenda hukaa hapo mpaka pumzi imwishie. Ukitaka kumweka juu ya biti yenye mwendo mmoja, utalazimika kukata na kuvuta sauti yake kila baada ya sekunde chache, na kinachoharibika kwanza ni hicho cha kukaa kwenye noti, ambacho ndicho kilichomfanya arekodi usiku akiwa peke yake. Ngoma zako zinaweza kuwa nzuri kabisa, lakini yeye hatakuwamo.

Sikukatazi kufanya kazi hiyo. Saksafoni tupu ikishatoka na kila mtu akaweza kuisikia ilivyo, ombeni idhini ya familia mfanye kazi mpya kwa jina lako, ikiandikwa wazi kwamba imetumia rekodi za marehemu. Anayependa ya kwako atarudi kusikiliza ya mzee, na asiyeipenda hatamlaumu mzee kwa uamuzi ambao si wake.

Swali: Nami nina kaseti za kaka yangu aliyepiga gitaa kanisani na katika dansi. Zimekaa muda mrefu ndani ya kabati, na mnajua hali ya hewa ya kwetu. Ukitazama kwenye kidirisha cha kaseti unaona unga mweupe pembeni mwa utepe, na mojawapo nilipoicheza ililia kama mlango usio na mafuta. Je, nizianike juani kabla ya kuzipeleka kwa fundi? (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Usizianike juani hata kidogo, wala usizisogeze karibu na jiko, kwa kuwa joto hupinda kasha na kuukunja utepe, na utepe uliokunjwa haurudi. Unga huo mweupe ni ukungu, jambo la kutarajiwa katika wilaya ya Rungwe yenye mvua nyingi namna ile. Acha kuzicheza mara moja. Ukungu ukipita kwenye mashine huambukiza kaseti nyingine zote zitakazofuata, na vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo funika pua na mdomo unapozishika. Zitenge na kaseti safi, ziweke katika chumba kikavu chenye hewa ya kutosha, kivulini, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu na redio. Ukungu ukishakauka fundi anaweza kuupangusa taratibu kwa brashi laini.

Ile inayolia huenda utepe wake ni mzima na tatizo ni kasha. Kaseti nyingi hufungwa kwa skrubu tano ndogo, na fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuhamisha mizunguko yote miwili ya utepe kwenda kwenye kasha jingine zima. Aangalie pia kile kipande kidogo cha sufi kilicho juu ya springi nyuma ya utepe. Kikidondoka, utepe haugandi vizuri kwenye hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na sauti nyembamba za juu hupotea, watu wakadhani rekodi ndiyo mbovu. Kabla ya kila kaseti hedi na rola ya mpira zisafishwe kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili, ziachwe zikauke.

Msitupe redio kaseti ya marehemu, hata kama haifanyi kazi. Hedi yake huenda ilikuwa imeinama kidogo, na fundi anapohamisha sauti inabidi ainamishe hedi ya mashine yake vilevile, akisikiliza mpaka sauti za juu zifunguke. Mwendo nao ni jambo la kuangaliwa sana. Mtu aliyerekodi kwa betri zilizochoka alirekodi utepe ukienda polepole, kwa hiyo katika mashine nzuri ya leo atasikika akipiga haraka na juu kuliko alivyopiga. Kama alirekodi kwa umeme, chini ya muziki huwa kuna mvumo mdogo unaofuata umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde, na fundi anaweza kurekebisha mwendo mpaka mvumo huo ukae mahali pake. Kwa betri mvumo huo haupo, na hapo itabidi kutegemea sikio la mtu anayeijua sauti ya chombo.

Sauti ihamishwe kwenye faili za WAV za biti 24, kwa sampuli 96,000 kwa sekunde, bila kupunguzwa kelele na bila kupambwa. Saa moja ya sauti ya pande mbili kwa kiwango hicho huchukua takribani gigabaiti 2, mzigo ambao diski ya kawaida ya leo haiusikii. Kazi yoyote ya kusafisha ifanywe juu ya nakala, na faili ya kwanza isiguswe. Fleshi peke yake si hifadhi. Wekeni nakala tatu, mojawapo kwa ndugu anayeishi mji mwingine.

Kuhusu thamani ya nakala ya nyumbani, rekodi alizozifanya Coltrane tarehe 6 Machi 1963 katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, zilipotea katika hifadhi ya kampuni. Kilichookoka ni nakala aliyoichukua mwenyewe na kumwachia mkewe wa kwanza, Naima, ambayo ilibaki katika familia hiyo mpaka albamu ikatolewa mwaka 2018.

Swali: Mjomba wetu alifariki akiwa na kanda zake, na sasa binamu mmoja ndiye anazo na ameanza kuzungumza na wanunuzi. Anasema aliyeshika ndiye mwenye mali. Pia katika kanda hizo zipo nyimbo mbili za bendi aliyokuwa akiipigia, zilizotungwa na kiongozi wa bendi. Sheria inasemaje? (Msomaji, Mafinga)

Jibu: Binamu yako ameshika plastiki na utepe. Haki ya utunzi na haki ya mpigaji ni mali nyingine, nayo huingia katika mirathi pamoja na shamba na nyumba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi ya mtunzi katika maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, iwe iliwahi kutolewa au haikuwahi. Kwa hiyo ukoo ukae, upendekeze msimamizi wa mirathi, naye athibitishwe na mahakama. Kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayotosha. Kabla ya hapo hakuna anayeweza kumuuzia mtu chochote kwa uhalali, na mnunuzi mwenye akili atadai kuona barua za usimamizi.

Nyimbo mbili za bendi ni suala la pekee. Mjomba wako ana haki yake kama mpigaji, lakini utunzi ni wa kiongozi wa bendi au warithi wake, na hao sharti waombwe na kulipwa. Kazi zake mwenyewe mziandikishe COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania. Ulinzi haungoji uandikishaji, lakini cheti kitawasaidia siku ya ubishi. Mkataba wowote uwe wa maandishi, na mkubali kutoa ruhusa ya kutumia rekodi kwa miaka iliyotajwa. Msiuze haki moja kwa moja, hata bei ikionekana nono.

Swali: Vipande visivyo na jina vipewe majina gani? Wajukuu wanataka kuviita majina ya milima na mito ya kwetu. (Msomaji, Njombe)

Jibu: Ninaelewa upendo wa wajukuu, lakini jina humwongoza msikilizaji. Ukikiita kipande jina la mto, atasikia maji ambayo huenda marehemu hakuyafikiria. Vipande tisa vya Svensson vilipewa herufi za Kigiriki, kuanzia Alpha hadi Iota. Katika albamu ile ya Coltrane ya mwaka 2018, tungo mbili ambazo hakuwa amezipa majina zilitolewa kama kazi zisizo na jina zenye namba 11383 na 11386, namba za kumbukumbu za kampuni. Nanyi tumieni namba ya kaseti, upande na mfuatano: kipande cha tatu katika upande wa pili wa kaseti ya saba kiwe 7B-3. Na kama marehemu aliandika neno lolote kwa kalamu kwenye kaseti hiyo, neno hilo litangulie namba, kwa tahajia yake ileile.